Pampu ya GDI imekufa na kila duka linakwambia haipo? Anzia kwenye namba

Asubuhi gari linawaka vizuri. Ukifika mataa ya Mwenge linaanza kutetemeka, ukikanyaga mafuta halivuti, mara linazima. Fundi anasikiliza dakika mbili, anafuta mikono, anasema: "Kaka, hii ni pampu ya presha."

Unaenda Gerezani. Duka la kwanza halina, la pili halina. La tatu unapewa ushauri: "Bosi, ya GDI hupati. Badilisha injini tu."

Kama unaendesha Mitsubishi Pajero iO, RVR au Galant ya mwishoni mwa miaka ya 1990, stori hii unaijua. Lakini kabla hujaanza kuuza gari kwa bei ya kutupa, soma hapa. Mara nyingi pampu ipo, ila umeiulizia kwa jina lisilo sahihi.

Kwanza, hii pampu ni ipi?

Kwenye injini nyingi za petroli za zamani, nozeli zinapulizia mafuta nje ya silinda, kwenye njia ya hewa. Presha inayohitajika ni ndogo, kama bar 3 hivi. Pampu moja ndani ya tangi inatosha.

Mwaka 1996 Mitsubishi ilitoa Galant yenye injini ya GDI, ya CC 1,800, inayojulikana kwa namba 4G93. Hii inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ili iweze, inahitaji presha ya bar 50 hivi, zaidi ya mara 20 ya upepo ulio kwenye tairi lako.

Kwa hiyo kuna pampu mbili. Ya tangi inasukuma mafuta hadi mbele, halafu ya pili, iliyofungwa kwenye silinda hedi na kuzungushwa na kemshafti, ndiyo inayopandisha presha. Hiyo ya pili ndiyo inayosumbua watu. Ndani ina vyuma vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa, na kinachovilainisha ni petroli yenyewe. Mafuta yakiwa na mchanga, maji au yamechakachuliwa, vyuma vinachimbika na presha inashuka.

Usinunue kabla hujapima

Dalili za pampu kufa zinafanana na za vitu vingine vya bei ndogo. Kabla ya kutoa hela, mwambie fundi aangalie haya:

- Filta ya mafuta na pampu ya tangi. Kama ya nyuma haileti mafuta ya kutosha, ya mbele haina cha kusukuma.
- Kichujio kidogo kwenye mdomo wa pampu ya presha. Kikiziba, gari linakosa nguvu.
- Masizi. Injini za GDI zinajaza masizi kwenye njia ya hewa, na hayo peke yake yanafanya gari litetemeke likiwa limesimama.
- Plagi na koili.

Halafu gari lipimwe kwa mashine, presha isomwe injini ikiwa inaunguruma. Ikisoma karibu na bar 50, pampu yako ni nzima, tatizo litafutwe kwingine. Ikiwa chini sana wakati mafuta kutoka nyuma yanakuja vizuri, sasa tafuta pampu.

"Pampu ya Pajero iO" halitoshi

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mitsubishi ilibadilisha muundo wa pampu hii zaidi ya mara moja. Gari mbili zenye jina moja na injini ya 4G93 zinaweza kuwa na pampu tofauti, na ya moja isifunge kwenye nyingine. Ukiuliza kwa jina la gari, muuzaji anajibu kwa kukisia.

Nenda na vitu vitatu kwenye simu yako:

1. Picha ya namba iliyo kwenye pampu. Spea nyingi za Mitsubishi za kipindi hicho zina namba inayoanza na herufi MD au MR, kisha tarakimu sita.
2. Namba ya chesisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ya tarakimu na herufi 17. Lina namba fupi, mfano H76W, kistari, kisha tarakimu. Ndiyo maana baadhi ya tovuti za Ulaya zinaikataa: wewe hujakosea, wao wanatafuta mfumo mwingine.
3. Picha za pampu kutoka pande zote, zikionyesha mabomba yanapoingia na soketi za waya.

Muulize pia muuzaji kama namba hiyo imebadilishwa. Watengenezaji huifuta namba ya zamani na kuweka mpya kwa kifaa kilekile au kilichoboreshwa. Ukitafuta ya zamani pekee, utaambiwa haipo wakati iko kwenye shelfu kwa namba nyingine.

Ujanja ambao wengi hawaujui

Injini hii haikubaki Japani. Mitsubishi Carisma ya GDI ilitengenezwa Born, Uholanzi, na kiwanda hichohicho kiliunda Volvo S40 na V40, ambazo baadhi yake za CC 1,800 zilifungwa injini hiyohiyo ya GDI. Maana yake, unaweza kukuta pampu kwa muuzaji wa Ulaya ikiwa imeandikwa Carisma au Volvo. Usiagize kwa sababu zinafanana kwenye picha. Linganisha namba kwanza.

Kabla hujalipa

Risiti nyingi za spea zina yale maneno: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa pampu ya mtumba, yanaweza kukuumiza. Kubaliana na muuzaji mapema, kwa maandishi hata ya WhatsApp, kwamba ikifungwa na presha ikigoma kupanda unarudisha. Pampu iliyokaa wazi bila vizibo achana nayo, kutu na vumbi vimeshaingia.

Na usitupe ya zamani. Kama vyuma vimechimbika kidogo tu, wapo mafundi wanaoweza kuvisaga vikakaa sawa tena. Muulize aliyewahi kuifanya kazi hiyo, asijifunzie kwako.

Onyo moja: fundi asilegeze bomba la presha injini ikiwa imetoka tu kuzima. Achomoe kwanza waya wa pampu ya tangi, aache injini iwake mpaka izime yenyewe. Petroli ya bar 50 ikichomoka juu ya injini ya moto, hasara haitakuwa pampu tu.

Na kubadilisha injini?

Ni njia ya mwisho. Utahitaji injini, waya, kompyuta yake na fundi umeme anayejua kuunganisha. Pia namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo lazima mabadiliko yasajiliwe, la sivyo siku ya kuuza utakwama.

Kwa hiyo kabla hujarudi Gerezani kesho, fungua boneti, futa vumbi kwenye pampu, piga picha namba. Ukifika dukani usiseme "nataka ya Pajero". Onyesha namba.