Printa Isiyochapa Jumanne: Ufuatiliaji wa Hitilafu katika Linux na Funzo Lake kwa Elimu ya Ufundi

1.0 Utangulizi

Mtumiaji anaposema kwamba printa yake hukataa kazi siku moja tu ya juma, fundi huwa mwepesi wa kumwona amekosea. Makala haya yanaeleza kisa ambacho kauli kama hiyo ilikuwa sahihi, na yanajenga hoja kwamba ufuatiliaji wa hitilafu ni stadi inayostahili nafasi yake katika mitaala ya taasisi kama IPRC Kigali, iliyopo wilayani Kicukiro.

2.0 Kisa chenyewe

Mnamo 2008 na 2009, watumiaji wa Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, waliripoti kwamba nyaraka za OpenOffice hazichapiki. Mmoja wao alieleza kuwa mkewe ndiye aliyegundua kwamba tatizo hutokea Jumanne. Programu nyingine zilichapa siku hiyohiyo. Kwa hiyo printa na waya wake havikuwa na kosa. Lililobaki ni kuifuata nyaraka hatua kwa hatua njiani.

Chanzo kilipatikana katika zana ndogo iitwayo file, ambayo hutambua aina ya faili kwa kulilinganisha na orodha ya alama. Alama mojawapo, iliyokusudiwa mafaili ya lugha ya Erlang, ilikuwa tarehe kamili ya Jumanne, 22 Januari 1991. Kwa kuwa nafasi baina ya maneno hazikuandikwa ipasavyo, zana ilizingatia herufi tatu za mwanzo tu: "Tue", kifupi cha Jumanne kwa Kiingereza. Faili la PostScript linalopelekwa kwenye printa nalo hubeba tarehe ya kuundwa kwake. Ikifika Jumanne, herufi hizo ziliweza kuangukia mahali palepale. Faili likadhaniwa kuwa la Erlang na kuchapa kukashindikana.

3.0 Mjadala na hitimisho

Kisa hiki kinaonesha kwamba mahali dalili inapoonekana sipo lazima chanzo kilipo. Vilevile, ushahidi wa mtumiaji asiye mtaalamu unastahili kuandikwa pamoja na siku na saa kabla ya kupuuzwa. Zaidi ya hayo, kosa lilifikiwa kwa sababu orodha ya alama ilikuwa wazi kwa yeyote kuisoma.

Inapendekezwa, basi, kwamba ofisi za umma zinaponunua printa zizingatie uwazi wa viendeshi vyake, na vyuo vimpime mwanafunzi kwa njia aliyoifuata kufikia chanzo, si kwa kuiwasha upya mashine pekee.