Mwelekeo wa Mwandiko katika Orodha za Kompyuta: Kutoka Ganze hadi Pwani

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo linalowakabili wahifadhi wa maandishi ya Kiswahili yanapoingizwa katika kompyuta, yaani namna ya kuhifadhi mwelekeo wa mwandiko pamoja na maneno yenyewe. Tatizo hili laweza kudhaniwa kuwa la mafundi peke yao. Hata hivyo, asili yake ni ya kiisimu, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazolidhihirisha waziwazi.

Ganze iko upande wa bara katika Kaunti ya Kilifi. Wenyeji wake wengi ni Wagiriama na Wakauma, na Kigiriama huandikwa kwa herufi za Kilatini. Msamiati wa Kigiriama uliokusanywa na W. E. Taylor ulichapishwa mwaka 1891. Taylor huyo huyo alikusanya Mombasa tungo za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na miswada hiyo imehifadhiwa SOAS, London. Kwa hiyo kazi ya mkusanyaji mmoja yaelekea pande mbili: Kigiriama chake husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na miswada yake ya Kiswahili kutoka kulia kwenda kushoto. Atakayetaka kuunda orodha moja ya urithi wa eneo hilo, kuanzia Kaya Kauma, iliyo kati ya kaya za Wamijikenda zilizotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, hadi miswada ya miji ya pwani, hana budi kuiweka miandiko yote miwili bega kwa bega.

Katika kiwango cha RDF 1.1 cha mwaka 2014, ambacho kimetumiwa sana na maktaba, kila anwani ya kitabu au mswada huwa mfuatano wa herufi uliofungiwa alama ya lugha: nyf kwa Kigiriama, sw kwa Kiswahili. Basi, hakuna zaidi. Waliokitunga hawakuweka mahali pa mwelekeo, na wengi wamedhani kwamba mwelekeo hujulikana kwa kuitazama lugha. Kwa Kiingereza au Kiebrania dhana hiyo yaweza kupita bila kuleta madhara makubwa. Kwa Kiswahili haipiti hata kidogo, kwa sababu alama sw huwafaa sawasawa utenzi wa zamani wa Lamu na gazeti la leo la Nairobi. Ni kweli kwamba yaweza kuandikwa sw-Arab ili kutaja mwandiko. Hilo ni jambo jema, ingawa waorodheshaji wengi hawalifanyi; na hata likifanywa, huutaja mwandiko bila kusema anwani yenye miandiko miwili ianzie upande gani.

Njia ya pili ni kuiachia kompyuta ibahatishe. Programu hutafuta herufi ya kwanza yenye mwelekeo wake dhahiri, kisha huipanga anwani nzima kwa kuifuata hiyo. Ichukuliwe anwani ya mswada wa herufi za Kiarabu ambayo mworodheshaji ameitanguliza neno Ganze kwa Kilatini, likafuatwa na maneno matatu ya Kiarabu na nukta. Kompyuta itaiona G, na itaamua kwamba anwani yote yaanzia kushoto. Neno Ganze litakaa kushoto kabisa na nukta kulia kabisa. Msomaji anayeanza kulia, kama anavyostahili, atakutana na nukta kwanza, kisha maneno matatu, na mwisho Ganze lililopasa kuwa la kwanza. Hakuna herufi hata moja iliyopotea, lakini mpangilio umevurugika.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuandika anwani zote kwa Kilatini na kuyaacha mengine. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Katika hati za kale herufi ب yaweza kusimama kwa b, p, mb au mp, na irabu i na e huandikwa kwa alama moja; kwa hiyo umbo lile lile laweza kusomwa bibi au pembe. Kila anayegeuza mwandiko huo kuwa wa Kilatini amekwisha kufasiri. Mtaalamu wa baadaye akikosa umbo la asili hataweza kuipima fasiri hiyo, na huenda akaichukua kuwa ndiyo matini yenyewe.

Kurasa za HTML zimekuwa na sifa ya dir, inayotaja mwelekeo, tangu mwaka 1997. Lakini anwani ikitolewa katika ukurasa na kupelekwa kwenye hazina nyingine ya data, sifa hiyo hubaki nyuma. Ndiyo sababu JSON-LD 1.1, iliyoidhinishwa na W3C mwezi wa Julai 2020, iliongeza neno @direction lenye thamani ltr au rtl. Rasimu za RDF 1.2 nazo zimeweka aina mpya ya mfuatano wa herufi wenye sehemu tatu: maneno, lugha na mwelekeo, ambapo alama huandikwa kwa mfano sw--rtl. Ubora wa njia hii ni kwamba maneno ya mswada hayaguswi. Kinyume chake, wanaotia alama zisizoonekana ndani ya anwani huibadili anwani yenyewe, na mtafutaji anayeandika maneno yale yale bila alama hizo huenda asiipate.

Kuna sehemu moja ambayo mwelekeo wa jumla hauitoshelezi, nayo ni jina lililoingia katikati ya sentensi ya mwandiko mwingine, kwa mfano Bamba au Jaribuni kwa Kilatini ndani ya mstari wa Kiarabu, hasa likifuatana na mabano au tarakimu. Hapo Unicode imetoa tangu mwaka 2013 alama za kulitenga jina hilo, na ni vigumu kuziepuka. Ama orodha zilizokwisha kuundwa kwa alama sw peke yake, haziwezi kusahihishwa kwa amri moja ya kompyuta. Zile zenye miandiko iliyochanganyika zitahitaji msomaji anayeijua miandiko yote miwili aipitie kila anwani, akiwa na picha ya mswada mbele yake.