Dereva wa masafa marefu, usingizi ni deni

Mkazi yeyote wa Kericho au Bomet ameyaona malori yanayopita usiku yakipenya ukungu, mengine yakipeleka chai Mombasa kwenye mnada, mengine yakirudi na mbolea na bidhaa za madukani. Ndani ya lori kama hilo mara nyingi huwa na mtu mmoja tu anayeweza kuliendesha. Utingo akiwepo, kazi yake ni kulinda mzigo na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Dereva akichoka, hakuna wa kumpokea usukani.

Dereva huyo huyo hukagua mafuta ya injini, maji, tairi na breki kabla ya kung'oa nanga. Lakini je, msomaji, ni nani hukagua mwili wake?

Kuna watu wengine ambao kazi yao hufanana na hii: mabaharia wanaovuka bahari peke yao kwa mashua ndogo za tanga. Wa kwanza kuizunguka dunia kwa njia hiyo alikuwa Joshua Slocum, kati ya mwaka 1895 na 1898. Alisimulia kwamba baada ya kuviacha visiwa vya Azores alishikwa na maumivu makali ya tumbo kwa sababu ya jibini na matunda aliyokula, akaanguka chini. Alipozinduka, alimwona mtu mgeni ameshika usukani. Kumbe hapakuwa na mtu. Mashua yake ilikuwa ikijiendea yenyewe usiku kucha, usukani umefungwa.

Slocum alipona kwa kuwa bahari ni pana na mashua yake iliweza kushika njia bila mkono wa mtu. Hata leo, mabaharia wa aina hiyo hulala kwa vipande vifupi huku mtambo ukiongoza chombo. Dereva wa lori hana nafasi hiyo. Kwake, kulala na kuendesha haviwezi kwenda pamoja hata kwa nukta moja.

Usingizi wa kupepesa jicho

Mtu aliyenyimwa usingizi huibiwa na usingizi mfupi sana, wa sekunde chache, bila yeye kujua. Macho yanaweza hata kubaki wazi. Sasa piga hesabu. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukisinzia kwa sekunde 4, limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Hiyo inakaribia urefu wa uwanja wa mpira.

Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama aliyekunywa pombe ya kutosha kulegeza akili yake. Akifikisha saa 24, hali huwa mbaya zaidi, ingawa hajaonja hata tone.

Mwili nao una saa yake. Usingizi huwa mzito zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na hurudi tena kidogo kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Kwetu Kericho, huo wa alasiri ndio wakati mvua hupenda kunyesha na barabara kuteleza.

Si kila ajali hutokana na usingizi. Breki, mwendo wa kasi na miteremko vina lawama zake. Lakini msiba wa njia panda ya Londiani, Juni 30, 2023, ambapo lori lilikosa mwelekeo na watu 52 wakafa, ulituonyesha jambo moja: lori lisiloongozwa huwaangamiza hata wachuuzi na abiria waliosimama kando ya barabara.

Dalili za kuchunga

Ukiona umepiga miayo mfululizo, macho yanawasha, kichwa kinadondoka, gari linagusa ukingo wa lami, au hukumbuki kilomita chache zilizopita, usiseme "nitajikaza hadi mji ujao". Tafuta mahali salama, nje kabisa ya barabara, uegeshe.

Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio na kujimwagia maji usoni huchangamsha kwa dakika chache tu. Miraa na vidonge vya kukesha ni hatari zaidi: huficha uchovu bila kuuondoa, na nguvu zake zikiisha usingizi hukuangusha ghafla. Jihadhari pia na dawa za mafua na mzio. Piriton, kwa mfano, husinzisha. Muulize muuza dawa kabla ya kumeza.

Kinachosaidia

Chai yetu ina kafeini, ijapokuwa kidogo kuliko kahawa. Kafeini huchukua kama nusu saa kuanza kazi. Kwa hiyo egesha, kunywa kikombe, kisha ulale dakika 15 hadi 20. Ukiamka, tembea kidogo kabla ya kuwasha injini. Hata hivyo, hii ni dawa ya kukufikisha mahali pa kulala. Usingizi ni deni, na deni hilo hulipwa kwa kulala tu. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila siku.

Sheria ya Trafiki nchini Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Kutoka Kericho hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hiyo ni safari ya saa 14 au zaidi. Maana yake ni kwamba dereva wa peke yake lazima alale njiani, pengine huko Sultan Hamud au Emali. Mwenye lori anayetaka mzigo ufike kwa siku moja hana budi kuajiri dereva wa pili.

Matengenezo ya mwili

Simama kila baada ya saa mbili unyooshe miguu, kwani kukaa sana huumiza mgongo na kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Kunywa maji, wala usizuie haja ndogo. Kula chakula cha kiasi. Sahani kubwa ya ugali na nyama mchana huvuta usingizi. Ukilala pwani au maeneo ya ziwa, tumia chandarua, maana malaria huko ni nyingi.

Kama unakoroma sana, pumzi hukatika usingizini na unaamka umechoka, mwone daktari. Huenda ni ugonjwa unaotibika. Pima pia shinikizo la damu na sukari unapokuwa nyumbani, katika zahanati iliyo karibu au hospitali kama ile ya kaunti mjini Kericho, Longisa au Tenwek.

Nawe mama wa nyumbani, baba watoto akirudi alfajiri, mtayarishie chumba chenye giza na uwaombe watoto wakachezee mbali. Habari za karo na za ng'ombe anayeumwa zinaweza kungoja hadi aamke. Usingizi huo wa mchana ndio utakaomrudisha salama safari ijayo.

Wahenga walisema, kawia ufike. Chai ikichelewa siku moja, itauzwa katika mnada wa wiki inayofuata.