Je, Wajua? Kaseti ya Gemu Bado Ina Uhai

Je, wajua kwamba kaseti ya gemu iliyolala kabatini huko Igoma au Nyegezi, Mwanza, bado inaweza kuchezwa kwenye flati skrini? Ndani yake hamna utepe wala kitu kinachozunguka. Ni chipu na meno ya shaba tu, ndiyo maana hudumu.

Mashine nyingi za kaseti zilizotufikia zilikuwa nakala za Famicom, iliyotolewa na Nintendo huko Japani tarehe 15 Julai 1983. Kaseti za Famicom zina meno 60. Za NES, pacha wake wa Marekani na Ulaya, zina 72, hivyo haziingiliani bila kiunganishi.

Super Mario Bros. ya 1985, yote na viwango vyake, ina kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako inaizidi mara nyingi.

Je, wajua kupuliza kaseti kunaiua polepole? Pumzi ina unyevu, na unyevu hula shaba. Futa meno kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, acha yakauke, ndipo uchomeke.

Hapa sasa ndipo pesa za watu hupotea. Runinga ya chogo ilikuwa na matundu ya rangi: njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Baadhi ya flati skrini mpya zina HDMI tu. Dawa ni kiboksi cha kugeuzia, lakini dukani viko viwili vinavyofanana kama mapacha: AV2HDMI na HDMI2AV. Chukua cha kwanza. Cha pili hupeleka picha kinyume, na kwa kaseti hakikusaidii chochote. Kiboksi kinataka pia umeme wa volti 5. Chaja ya simu inatosha. Usipokipa umeme, skrini itabaki nyeusi na utailaumu mashine bure. Kama runinga yako ina tundu moja dogo la AV, na unasikia muungurumo bila picha, badilishanisha waya wa njano na mwekundu kabla hujamwita fundi.

Mitambo ya runinga ya analojia ilipozimwa Mwanza mwaka 2013, kaseti hazikuguswa. Mashine hupeleka picha kwa waya, haihitaji king'amuzi.

Kitu kimoja tu hakihami: bunduki ya kupigia bata kwenye Duck Hunt. Unapofyatua, skrini huwa nyeusi kisha mwanga hutokea alipo bata, na bunduki huutafuta mwanga huo papo hapo. Flati skrini huchelewa kidogo, risasi inakosa. Mwenye chogo asiitupe!

Adapta asilia ya Famicom ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230, umeiunguza. Ukinunua mbadala, tazama alama: ya Famicom katikati ni hasi, ilhali nyingi za leo katikati ni chanya.

Padi je? Ya NES ina vitufe 8, na chipu yake husoma kimoja baada ya kingine kupitia waya mmoja. Lugha nyepesi hivyo ni rahisi kuitafsiri, kwa hiyo adapta ndogo ya USB huifikisha kwenye kompyuta. Padi ya PS2 nayo ina adapta yake. Ya PS4 haihitaji waya: Android 10 na iOS 13 huipokea kwa Bluetooth.

PS2, iliyotoka Machi 2000, inaweza kusoma gemu kwenye flashi kwa msaada wa memori kadi iliyowekewa programu. Ila tundu lake ni USB 1.1, polepole kuliko diski yake yenyewe. Ndiyo sababu video za utangulizi hukwamakwama. Flashi ya bei kubwa haitaondoa hilo.

Na kile kigemu cha mkononi cha SUP, chenye gemu 400? Mara nyingi hutumia betri ya BL-5C, ileile ya Nokia 1100. Ukiwa safarini kwenda Nansio, beba ya akiba. Ikivimba, usiichaji tena.