SERIKALI KUU NA SERIKALI YA KAUNTI

Mkulima wa Njoro ambaye ng'ombe wake wameshikwa na maradhi, na karani wa Nakuru ambaye mtoto wake hana mwalimu shuleni, wote wawili husema “Serikali” itawasaidia. Lakini mlango wa kubisha si mmoja.

Maradhi ya mifugo ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Kadhalika zahanati, masoko, machinjio na shule za chekechea. Walimu wa shule za msingi huajiriwa na Tume ya taifa. Polisi, sarafu na barabara kuu iendayo Uganda ni mambo ya Serikali Kuu. Basi anayemwandikia Gavana barua kali kwa ajili ya mwalimu wa darasa la nne anapoteza wino.

Ugawaji huu si mgeni katika Bonde la Ufa. Tarehe 1 Juni, 1963, Kenya ilipopata Madaraka, ilikuwa na majimbo saba, mbali na Nairobi. Baraza la Jimbo la Bonde la Ufa liliongozwa na Bw. Daniel arap Moi. Chama cha KADU, chini ya Bw. Ronald Ngala, ndicho kilichodai majimbo, maana makabila madogo yalihofu kwamba ardhi iliyoachwa na walowezi ingechukuliwa na makabila makubwa. Hofu hiyo haikuwa na dawa rahisi, kwa kuwa watu wa makabila mengi walikuwa wamezaliwa katika mashamba yale yale.

Majimbo hayakudumu. Serikali Kuu ilichelewa kukabidhi idara na fedha; KADU ikavunjwa Novemba, 1964, na Bunge likayapunguzia majimbo nguvu zake.

Katiba ya tarehe 27 Agosti, 2010, ilijihadhari na hayo. Kaunti zote 47 hazina budi kupewa sehemu isiyopungua 15 katika kila 100 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Wala Bunge peke yake haliwezi kuondoa utaratibu huu. Lazima wananchi wapige kura ya maoni. Hata hivyo Kenya si shirikisho kama Marekani, ambako kila jimbo lina katiba na mahakama zake.

Kaunti ya Nakuru ina kata 55, na kila kata humchagua mjumbe wake wa Baraza. Makadirio ya fedha hupelekwa Barazani kabla ya mwisho wa Aprili, na wananchi hupewa nafasi ya kuyasemea. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mkulima atakayengoja hadi Agosti kuomba daktari wa mifugo atakuta fedha zimekwisha gawanywa.