Tofauti za Kijinsia katika Umetaboli wa Misuli

Mama abebaye kapu la mihogo kwenda sokoni Kisangani, na kijana aendeshaye toleka, yaani baiskeli ya kuchukulia abiria, wote hutegemea akiba mbili za nishati: mafuta, na wanga uliohifadhiwa misulini kwa umbo la glikojeni. Je, miili yao huzitumia akiba hizo kwa namna moja?

Mwaka 1990, Tarnopolsky na wenzake nchini Kanada waliwalinganisha wanaume 6 na wanawake 6 waliozoea mbio. Kila mmoja alikimbia kilomita 15.5 kwa kasi iliyopangwa kulingana na uwezo wake. Misuli ya wanaume ilitumia glikojeni zaidi kwa asilimia 25, ilhali wanawake walitumia mafuta zaidi.

Sababu mojawapo ni homoni ya estrojeni. Wanaume waliopewa homoni hiyo katika majaribio ya baadaye nao walipunguza matumizi ya wanga. Aidha, kwa wastani, misuli ya wanawake ina sehemu kubwa zaidi ya nyuzi za polepole, zisizochoka upesi.

Tofauti hii ina uzito wake katika lishe. Mwaka 1995 ilionekana kwamba mlo wenye wanga mwingi, uliojaza glikojeni misulini mwa wanaume, haukuwafaa wanawake vivyo hivyo. Baadaye ikabainika kuwa walihitaji pia kuongezewa jumla ya chakula. Kwa hiyo, mwili wa mwanamke si mwili wa mwanamume uliopungukiwa nguvu, na kanuni iliyopimwa kwa wanaume pekee haistahili kuitwa kanuni ya binadamu.