Siku za Safari Zihesabiwe kwa Barabara

Ndugu wafanyakazi,

Ukiweka rula juu ya ramani, kutoka Nchelenge kwenye Ziwa Mweru hadi Ndola ni kama kilomita 400, kusini moja kwa moja. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingetumia saa 1 na dakika 20. Lakini mfanyakazi hapandi rula. Hupanda basi, au lori la samaki kutoka Kashikishi.

Mstari huo wa ndege unapita juu ya ardhi ya Kongo, ile pembe iliyoingia ndani ya Zambia tangu wakoloni walipogawana nchi. Angani mpaka hauonekani. Chini, abiria huteremka hadi Mansa, huvuka mto Luapula kwenye daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008 badala ya kivuko, huonyesha karatasi zake, kisha huzionyesha tena Mokambo kabla ya kufika Mufulira. Asiyetaka kupita Kongo huzunguka kwa Samfya na Serenje, mamia ya kilomita zaidi.

Kwa hiyo, mwajiri anapohesabu siku za safari ya likizo, ya msiba au ya mkutano, tusikubali hesabu ya rula. Sisi wa chama tunataka mambo matatu yaandikwe katika mkataba: njia inayopitika, muda wa kungoja mpakani na stendi, na nauli ya kwenda na kurudi.

Nanyi tunzeni tiketi zenu za basi. Ndizo ushahidi wetu mezani.